Nimemaliza Star Wars tatu za zamani, niendelee na nyingine au niishie hapa? Naombeni ushauri

Kobe_Mpole:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, povu ruksa ila msiniache njia panda.

Mi ni mtu wa muvi za kijasusi, mambo ya vyombo vya anga na viumbe vyenye masikio marefu nilikuwa nayaona ya watoto, ila kuna rafiki yangu kanisumbua weee mpaka nikasema ngoja niangalie yaishe. Akanipa masharti, anza na ya 1977, fuata ya 1980, malizia ya 1983, nyingine usiguse. Nimemaliza zote tatu na kusema kweli nimenogewa, hasa ile ya kati, The Empire Strikes Back, stelingi Luke anapigwa, anakatwa mkono, mshkaji wake anagandishwa halafu muvi inaisha hivyo hivyo, nilibaki nimekodoa macho.

Sasa huyo huyo aliyenisukuma anasema niishie hapo, eti za 1999 mpaka 2005 ni za watu wasiojua kuongea na za 2015 mpaka 2019 ni biashara tupu. Mdogo wangu naye anasema huyo jamaa kapitwa na wakati, bila hizo za 1999 sijaangalia kitu. Kwenye mambo ya muvi wote wawili nawaamini, ndo maana nimekwama.

Swali la pembeni: mwishoni kabisa mwa ya 1983 wanasherehekea, Luke anaona vivuli vya watu watatu wamesimama. Yoda namjua, mzee Obi-Wan namjua, yule kijana mwenye nywele ndefu anayetabasamu ni nani? Nimerudisha nyuma, nimeangalia tena, simjui. Hayupo popote kwenye muvi zote tatu.

Tumbili_Tajiri:
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee.

Binti_Galaksi:
Naanza na hilo la pembeni maana ndo lenye utamu.

Yule kijana ni Anakin Skywalker, yaani baba yake Luke, Darth Vader yule adui wa kofia nyeusi, kabla hajawa Vader. Na hukuwa na namna ya kumjua, kwa sababu kwenye muvi iliyotoka 1983 hakuwepo. Aliyesimama pale alikuwa yule yule mzee uliyemuona Luke akimvua kofia, muigizaji wa Uingereza anaitwa Sebastian Shaw. Mwaka 2004 zilipotoka DVD George Lucas, mtunzi wa Star Wars, akamfuta mzee wa watu akambandika Hayden Christensen, ambaye ndo Anakin wa muvi za 2002 na 2005. Kwa hiyo Vader hapo ulipofika ni watu wanne, mwili wa David Prowse, sauti ya James Earl Jones, uso wa Shaw na kivuli cha Christensen 😂

Sasa jibu la swali lako kubwa limo humo humo. Mwenye stori anaziona zote sita kama kitu kimoja, mpaka akaingiza mtu wa 2005 kwenye muvi ya 1983. Ukiishia hapo utabaki na mgeni asiye na jina kwenye sherehe. Angalia zile tatu.

Mzee_wa_Kanda:
Na huo huo mfano ndo ushahidi wangu namba moja kwa nini aishie hapo.

Mleta mada, ulichoangalia sio kilichotoka 1977. Mwaka 1997 Lucas alitoa matoleo yake maalum akajaza midudu ya kompyuta kila kona. Han Solo (yule mshkaji anayegandishwa) wa 1977 alimlipua Greedo, muwindaji aliyekuja kumkamata, kwa chini ya meza bila kusubiri, ndo tukajua huyu jamaa ni wa aina gani, 1997 ikageuzwa eti Greedo ndo kaanza kufyatua AKAMKOSA, mtu mmekaa naye meza moja! 2011 wakamuongezea Vader kelele za "hapana" pale anapombeba bosi wake Emperor kumtupa. Pale utamu wote ulikuwa kwenye kunyamaza, ile kofia inageuka kwa mwanae, inageuka kwa bosi wake, inarudi kwa mwanae, hakuna sura hakuna neno na bado unaona mtu anaamua. Wakaenda kuweka kelele.

Ninachozipendea hizi tatu ni kwamba zimefanywa kwa mikono. Ile meli mwanzo kabisa wa ya kwanza inayopita juu ya kichwa chako inapita tu haiishi, modeli yake ilikuwa na urefu wa kama futi 3, ukubwa wote unaouona ni ujanja wa kamera. Mvumo wa upanga wa mwanga, fundi wa sauti Ben Burtt aliutoa kwenye mota ya projekta ya sinema akachanganya na muungurumo wa televisheni. Pumzi za Vader ni kifaa cha wazamiaji wa baharini. Halafu hiyo ya 1980 unayoisifia Lucas hakuiongoza yeye, alimpa Irvin Kershner, na siku ya kupiga ile sentensi ya "mimi ni baba yako" Prowse alipewa maneno mengine kabisa ayaseme, siri ilijulikana na watu wachache mno. Hiyo ndo sinema. Ishia hapo ubaki na heshima yako.

Tumbili_Tajiri:
Mzee wa Kanda umemaliza. Uzi ufungwe.

Seneta_Mtoro:
Usifungwe kwanza. Mzee wa Kanda shikamoo, ila huwa unaongelea zile tatu za kati kama mtu aliyeziangalia trela.

Haya, mazungumzo ya mapenzi kwenye ya 2002 ni mabovu, siyatetei, Lucas kayaandika kama barua ya ofisi. Jar Jar, kile kiumbe cha kuchekesha cha 1999, sawa, yale maneno ya Anakin kuhusu mchanga sawa, tucheke tumalize. Ila chini yake kuna stori ya mtu kuiba nchi, na mleta uzi kasema anapenda ujasusi. Yule Emperor uliyemuona 1983 ndo huyo huyo anaitwa Palpatine na muigizaji ni huyo huyo, Ian McDiarmid, kwa hiyo sikuharibii kitu, unajua atashinda, swali ni kaipataje. Hapindui kwa mtutu. Muvi ya 1999 inaanza na mgogoro wa kodi za njia za biashara, watu walicheka sana muvi ya anga kuanza na kodi, kumbe ndo mlango wenyewe, anautumia mgogoro huo kumng'oa kiongozi aliyepo kwa kura ya kutokuwa na imani halafu anakalia kiti, 2002 bunge lenyewe linampa madaraka ya dharura, 2005 anatangaza dola na wabunge wanasimama kumpigia makofi, na muda wote huo vita inayowatisha hao wabunge anaiendesha yeye pande zote mbili. Niambie ni muvi gani ya kijasusi imekupa mtu wa hivyo.

Kuna sehemu kwenye ya 2005 nataka uiangalie simu ukiwa umeiweka mbali. Palpatine na Anakin wamekaa ukumbini wanatazama onyesho. Hakuna upanga, hakuna mlipuko. Mzee anamsimulia kijana habari za bwana mmoja wa Sith (wale wa upande wa giza) aliyejua kuwazuia wapendwa wake wasife, anasimulia polepole, anatulia, anamtupia jicho pembeni. Kijana ambaye anaogopa kumpoteza mkewe anauliza, hiyo elimu mtu anaweza kujifunza? Kwisha habari yake. Ikifika hapo rudi uniambie kama hawa ni watu wasiojua kuongea.

Mzee_wa_Kanda:
Marahaba. Dakika chache nzuri ndani ya masaa karibu 7.

Seneta_Mtoro:
Na pambano la Darth Maul, na muziki wa John Williams, na yale mashindano ya vyombo vya mbio ya 1999. Endelea kuhesabu.

Kipepeo77:
Mleta mada ungeuliza mapema kuna mpangilio unaitwa Machete, unaangalia 4 na 5 (za 1977 na 1980), ukishajua siri ya Vader unarudi 2 na 3 (za 2002 na 2005) kama kumbukumbu, ndo unamalizia 6 (ya 1983), ya 1 (ya 1999) inarukwa. Ila 6 ushaiona so imekula kwako.

Kamwana_wa_Falcon:
Kwani hakuna mtu ataongelea Nien Nunb? Hiyo ya 1983, Lando akirusha Millennium Falcon, ile meli ya Han, kwa vita ya mwisho ako na msaidizi mwenye mashavu makubwa, sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, alikuwa mwanafunzi, na hako kalugha ka anga za mbali ni Kikuyu na Kikalenjin. Niliskia hivyo nikaruka kwa kiti. Rudi usikize.

Na hizo tatu za mwisho ziko na Lupita Nyong'o, ni Maz Kanata, ingawa sura yake hutaiona, kamevalishwa miwani ya kompyuta. Endelea tu bana, zote ni tamu.

Kobe_Mpole:
Aisee hii ya Kikuyu imenimaliza 😂😂 nimerudi kuangalia kweli!
Seneta umenishawishi, nitaangalia hizo tatu. Vipi za 2015 mpaka 2019? Hapo wote wamekaa kimya.

Chuma_Doa:
Tumekaa kimya kwa heshima ya marehemu.

Disney waliinunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, wakaanza muvi tatu zinazofuatana bila kukaa chini kuandika stori inaishia wapi. J.J. Abrams akaongoza ya 2015 akauliza maswali kibao, Rian Johnson akaja 2017 akayatupa mengi dirishani, watu wakapiga kelele, Abrams akarudishwa 2019 akatumia muvi nzima kuyaokota. Mfano mmoja tu, swali la Rey, stelingi wa hizo tatu, ni mtoto wa nani, 2017 tukaambiwa [hapa nimefuta sentensi mbili, mleta mada hajaziangalia, kuweni na huruma – Moderator]. Na John Boyega, Finn, askari aliyekimbia jeshi la maadui, hiyo ilikuwa stori mpya kabisa, wakamtangaza kwenye matangazo ameshika upanga wa mwanga halafu kadri muvi zinavyoenda anabaki wa kukimbia huku na huku anaita jina la Rey. Mwenyewe alilalamika hadharani 2020.

Binti_Galaksi:
Hapo kwa Finn niko na wewe mia. Ila ya 2017 usiiguse mbele yangu. Luke anapewa upanga anautupa nyuma ya bega, mkalia, mi nikasema hatimaye kuna mtu kaamua shujaa wetu anaweza kuzeeka na kukata tamaa. Na pale meli inapokata meli nyingine katikati sauti yote inazimwa, hiyo ni sinema Mzee wa Kanda, hata wewe unajua.

Mzee_wa_Kanda:
Picha nzuri. Hilo halijawahi kuwa tatizo langu na Rian Johnson. Tatizo ni safari ya kasino.

Binti_Galaksi:
Kasino nakuachia.

Jasusi_Mstaafu:
Nimesoma uzi mzima nashangaa, mtu kasema mstari wa pili kwamba anapenda muvi za kijasusi na mnapigana kuhusu Jar Jar.

Mkuu Kobe, kabla ya kwenda 1999 angalia Rogue One ya 2016. Unakumbuka 1977 inaanza kwa Princess Leia kuficha ramani za Death Star, ile silaha ya kulipua sayari, ndani ya roboti R2-D2? Rogue One ni stori ya watu walioziiba hizo ramani. Inaishia pale pale ya 1977 inapoanzia, ukimaliza utataka kuiwasha ya 1977 muda huo huo. Hakuna Jedi mwenye upanga wa mwanga wa kumuokoa mtu, ni wapelelezi, wasaliti na watu waliochoka.

Ukiipenda kuna tamthilia ya Andor ya Tony Gilroy, sizoni mbili, 2022 na 2025, episodi 24, ndo ilikuwa dawa yako tangu mwanzo. Kwenye ya 1983 kabla ya vita ya mwisho kuna mama mmoja wa nguo nyeupe na nywele fupi nyekundu anatoa maelezo kwa marubani, yuko kama dakika moja hivi. Anaitwa Mon Mothma. Humu utamuona miaka kadhaa kabla, ni seneta, anatabasamu kwenye hafla na wakubwa huku anahaha kuficha matundu kwenye hesabu zake kwa sababu pesa ya familia anaipeleka kwa waasi, na dereva wake mwenyewe anamripoti. Maadui nao hawapigi kelele, wanakaa kwenye ofisi nyeupe wanagombania faili na mipaka ya idara. Inatisha kuliko Vader.

Mzee_wa_Kanda:
Hapa sina neno. Andor imefanywa na watu wazima.

Seneta_Mtoro:
Mzee wa Kanda kakubali kitu cha baada ya 1983, mods pigeni picha huu uzi.

Kobe_Mpole:
Wakuu mmenifungua. Mbona hakuna aliyeniambia kuna ya wapelelezi!! Sasa nianze na Rogue One au Andor? Naona Andor ndo inatangulia kwenye stori.

Kipepeo77:
Andor kwanza. Ukimjua Cassian Andor, stelingi wake ambaye yumo pia Rogue One, kwa episodi 24 Rogue One inakuumiza mara mbili.

Jasusi_Mstaafu:
Hapana, Rogue One kwanza. Ni masaa mawili na kidogo, kama hujaipenda utajua bila kujifunga na sizoni mbili. Na ukishajua Cassian anaishia wapi, kila anachokataa kufanya kwenye Andor kinakuwa na uzito.

Kipepeo77:
Huyo unamuharibia.

Jasusi_Mstaafu:
Simuharibii, ndo mpangilio zilivyotoka, na ndo alivyofanya na 4, 5, 6.
Kobe angalizo moja, Andor inaanza taratibu. Zile tatu za mwanzo zilitoka siku moja, ziangalie kwa mkupuo, usihukumu kwa ya kwanza peke yake. Na sizoni ya pili kila episodi tatu ni mwaka mwingine, inaruka bila kukuaga, kwa hiyo ukiona watu wamebadilika ghafla usidhani umeruka episodi.