Mrejesho: Ruta ya kibandani imefunguka

Wakuu, asanteni. Nililia hapa kwamba mipangilio ya ruta yangu ya Wi-Fi ya vocha (wateja hununua vocha ya intaneti), kibandani Arua, Uganda, haifunguki kwa anwani 192.168.1.1. Kumbe nagonga mlango wa jirani! Nilizima data ya simu, nikatazama anwani ya lango (gateway, yaani anwani ya ruta yenyewe) kwenye maelezo ya Wi-Fi: 192.168.88.1, maana ruta ni ya MikroTik, na hiyo ndiyo anwani yake ya kawaida. Ikafunguka papo hapo.

Kilichonitoa jasho ni hiki: fundi aliiacha na jina admin, nywila tupu. Mteja wa shilingi 1,000 angeweza kuingia akajigawia intaneti ya mwezi mzima (na nina wasiwasi na kijana mmoja). Nimeweka nywila ndefu.

Aliyenishauri nibonyeze kitufe cha "reset" (kinachorudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani), samahani ndugu, vocha zote zingefutika.