Mwanakondoo anahema na miguu ya nyuma imelegea, msaada wakuu

Wakuu, nipo Misungwi. Mwanakondoo wangu wa miezi minne anahemea mbavuni, na akitembea anaburuta miguu ya nyuma hadi kwato zinachubuka. Kula anakula. Mama yake anakohoa na kukonda. Ni nini? Naumia kumwona hivi.

Jibu 1: Pole mkuu. Mpime joto. Akiwa na homa kali na kupe mwilini, muite daktari leo leo, huenda ni maji moyo, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hiyo ikiwahiwa inatibika kwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini.

Jibu 2: Kama hana homa na hali inazidi polepole, fikiria maedi-visna, ugonjwa wa kondoo. Kirusi chake hushambulia mapafu na ubongo, hupita kwenye dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) na maziwa, na hewani wakibanana zizini. Hakina tiba wala chanjo. Iceland kiliingia na kondoo wa Karakul mwaka 1933, wakakimaliza kwa kuchinja makundi mazima! Kwa kawaida huugua wakubwa, ndiyo maana kikohozi cha mama kinanitia shaka zaidi. Watenge wote wawili, wachukuliwe damu.

Muulizaji: Homa hana. Nawatenga jioni hii, kesho namfuata daktari wa mifugo.