Naomba ushauri: Dar hadi Tukuyu na gari dogo, nataka mama aone Daraja la Mungu

Wakuu habari zenu, desemba hii nampeleka mama Tukuyu kwa bibi, ni miaka sita hawajaonana na bibi kila nikimpigia ananiuliza "mtakuja lini, au mnasubiri msiba?" hilo neno linaniumiza sana ndo maana nimeamua liwalo na liwe mwaka huu tunaenda.

Gari ni IST, tutakuwa mimi, mama na mdogo wangu. Sasa mama amezaliwa hukohuko Rungwe ila hajawahi kuliona Daraja la Mungu pale mto Kiwira, lile jiwe la volkano lililopita juu ya maji kama limejengwa na fundi, nataka nimpeleke. Tatizo ana magoti, ngazi na utelezi haviwezi, na kule mvua haina adabu. Waliofika karibuni, gari linasogea mpaka wapi? Kuna sehemu anaweza kukaa tu akaliona bila kushuka chini?

Lingine, Dar mpaka Mbeya ni kama km 830, nalala Iringa au nasogea Makambako? Nikilala Iringa asubuhi nachungulia na zile nguzo za asili za Isimila, ni kama km 20 tu na ziko njia hiyohiyo. Kitonga, ule mlima kabla ya kufika Iringa, naiogopa kweli, sijawahi kuipanda nikiwa nyuma ya malori, mnapita saa ngapi?

Natanguliza shukrani.