Obiti ya Mshtarii: mafuta yanaishia kwenye kurekebisha longitudo

Mleta mada: Wakuu, nimeiga kwenye kompyuta obiti ya awali ya Juno, chombo cha NASA kilichotumwa sayari ya Mshtarii: inapita juu ya ncha zote mbili, mzunguko siku 53, kilomita 4,200 juu ya mawingu inapokaribia kabisa. Nataka mapito 32 yaachane nyuzi 11.25 za longitudo. Narekebisha kwenye pointi ya mbali kabisa na sayari, lakini kila pito linahitaji kubadilisha kasi kwa mita kadhaa kwa sekunde, na mafuta yanaisha. Nakosea wapi?

Mchangiaji 1: Unachohitaji kubadilisha ni saa ya kufika tu. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, hivyo ukichelewa dakika moja sayari imeshageuka nyuzi 0.6 chini yako. Nyuzi 11.25 ni dakika 18.6.

Kule mbali chombo kinajikokota, kilomita 0.54 kwa sekunde, ndiyo maana dakika hizo zinakugharimu mita 4.6 kwa sekunde. Kwenye pointi ya karibu kinakimbia kilomita 57 na ushee. Hapo sentimita 4 kwa sekunde zinatosha! Ila usiwashe hapohapo, utavuruga vipimo vya Doppler, yaani vya mabadiliko ya mawimbi ya redio yanayoonyesha mvutano wa sayari. Subiri muda wa kama saa 6, utalipa sentimita 13 hivi. Usizembee: ukizidisha sentimita moja tu, pito lijalo linahama karibu nyuzi 0.9.

Mchangiaji 2: Na usiyapange kwa kufuatana. Anza na manne ya nyuzi 90, halafu jaza katikati: 45, 22.5, ndipo 11.25. Mnururisho (mionzi mikali) ukiua kifaa baada ya pito la nane, bado una sayari nzima, japo kwa matundu makubwa.

Je, ubapa wa Mshtarii (kubonyea kwake kwenye ncha) umeuwasha kwenye modeli? Pointi ya karibu inapanda kaskazini kama nyuzi 1 kila mzunguko. Modeli ya tufe kamili haitakuonyesha hilo.

Mleta mada: Sikuuwasha. Asante mkuu. Kivuli cha Mshtarii je?

Mchangiaji 1: Kikague mapema kama unatumia paneli za sola. Juno ilipangiwa mizunguko ya siku 14. Mwaka 2016 vali za heliamu za injini kuu zikawa nzito kufunguka, ikabaki kwenye 53. Misheni ikarefuka mpaka njia ikaelekea kivulini, muda wa saa 12 gizani, baridi ya kuua betri. Septemba 30, 2019 waliwasha injini ndogo kwa saa 10 na nusu kukikwepa. Weka akiba ya mafuta kwa ajili hiyo.