Naomba ushauri: kumpeleka mzee baa ya majasusi Estoril

Wakuu, habari zenu. Baba anatimiza miaka 70. Tangu nikiwa mdogo ananisimulia habari za Dusko Popov, aliyewalisha Wajerumani taarifa za uongo kwa niaba ya Uingereza. Natamani nimkalishe kwenye baa ya Hoteli Palácio, Estoril, Ureno, ambako Popov alikuwa akifikia. Ureno haikuegemea upande wowote Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana majasusi wa kambi zote walinywea mahali pamoja. Hebu fikiria, adui yako yuko meza ya pili!

Kulala hapo siwezi, mfuko hauruhusu. Je, asiye mgeni wa hoteli anaruhusiwa kukaa baa jioni? Mzee anatembelea mkongojo: treni ya kutoka Cais do Sodré (kituo cha treni jijini Lisbon) itamfaa, au nikodi teksi? Aliyewahi kufika anisaidie.