Kinundu pembeni ya mshono wa opresheni, kinauma siku za hedhi tu

MamaCherehani: Habarini wapendwa. Mimi ni fundi wa nguo, Morogoro. Mwanangu wa pili nilimzaa kwa opresheni, sasa ana miaka mitatu. Mshono ulipona vizuri, bila usaha. Mwaka jana nikaanza kushika kitu kigumu kama njugumawe chini ya ngozi, kulia, pale kovu linapoishia. Siku za kawaida nasahau kama kipo. Hedhi ikikaribia kinavimba, na ukingo wa meza ya cherehani ukinigusa hapo machozi yananitoka. Hata fundo la kanga silivumilii, nashinda na madera.

Zahanati ya kwanza walisema ni uzi uliobaki, nikapewa antibayotiki. Ya pili wakasema ngiri. Lakini ngiri si hutokeza ukikohoa na kurudi ukilala? Hiki hakirudi popote. Nikaanza kuandika tarehe kwenye daftari la vipimo vya wateja: miezi mitano mfululizo, kinaanza siku mbili kabla ya damu, kinatulia damu ikikata. Kwa futi kamba kilikuwa sentimita 2, sasa 3. Kuna aliyepitia hili?

Bi_Mdogo: Pole mwaya. Hiyo ni damu ya uzazi imeganda. Kanda na maji moto ya chumvi, itayeyuka.

MkungaMstaafu: Bi Mdogo, hiyo haiyeyuki kwa kukandwa. MamaCherehani, unavyoeleza inafanana sana na endometriosisi ya kovu. Mfuko wa uzazi ukipasuliwa, chembe za utando wake wa ndani, ule unaotoka na hedhi, zinaweza kubaki kwenye ukuta wa tumbo. Zikishika hapo zinaendelea kufuata homoni kila mwezi: zinavimba, zinavuja damu, na damu haina pa kutokea. Ni nadra, ndiyo maana vituoni wengi hatuiwazii. Nami niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba ni uzi. Nenda kwa daktari wa wanawake hospitali ya mkoa, na daftari ulibebe. Wataanza na ultrasaundi. Usikubali mtu akipasue kama jipu.

MamaPacha: Mimi nilitolewa, baada ya miaka minne ya kuzungushwa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ilinipunguzia maumivu, nilipoacha yakarudi kama yalivyokuwa. Dawa ni kukiondoa. Daktari alikata na nyama nzima ya kama sentimita 1 kuzunguka, maana mabaki huota tena, kisha ikapelekwa maabara kuhakikisha. Changu kilikuwa kimeshika hadi utando mgumu wa juu ya misuli, ikabidi niwekewe wavu wa kuziba na kuimarisha pale palipokatwa. Uliza mapema kama bima inalipa wavu! Mimi niliambiwa bei nimeshavaa gauni la chumba cha upasuaji, mume wangu akatoka mbio kutafuta hela.

MamaCherehani: Asanteni, nimesoma hadi mwili umesisimka. Sasa niende kikiwa kimetulia au kikiwa kinauma?

MkungaMstaafu: Kikiwa kinauma, mdogo wangu. Daktari atakishika vizuri na kuona unachosema.

MamaCherehani: Kwa hesabu ya daftari ni tarehe 19. Nina sare 12 za harusi hazijatiwa hata vifungo. Basi wifi atamalizia, mimi tarehe 19 nipo hospitali.