Naomba ushauri: fungate ya siku saba kisiwani, na mmoja wetu hajui kuogelea

Mwoaji Mtarajiwa

Ndugu wanajamvi, natumaini mu wazima. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa hivi karibuni, na tumekubaliana kwamba fungate yetu itakuwa ya siku saba katika kisiwa kidogo cha ukanda wa joto, chenye mwamba wa matumbawe mbele yake na msitu nyuma yake. Shida yangu ni kwamba mimi nimezoea maji tangu utotoni, ilhali mwenzangu hajui kuogelea kabisa na bahari inamtia hofu, ingawa anapenda mno kuitazama. Nimeandika orodha ya mambo ya kufanya, na kila nikiisoma naona kwamba zaidi ya nusu yake ni mambo ninayoyapenda mimi: kupiga mbizi, kuteleza juu ya mawimbi, safari za mashua kwenda visiwa vya jirani. Sitaki akae ufukweni akinilindia viatu. Naomba waliokwisha kupita njia hii wanieleze ni mambo gani ya kimahaba tunayoweza kuyafanya pamoja, kila mmoja akiwa na furaha ya kweli.

Asumini

Hongera sana, kaka yangu. Nakujibu nikiwa upande wa mchumba wako, kwa sababu nilikwenda fungate nikiwa sijui kuogelea hata kidogo, na mume wangu yeye ni mtu wa maji. Siku ya kwanza tulipelekwa kwa mashua hadi penye kina kirefu, tukaambiwa turuke, nami nikang'ang'ania ngazi ya mashua muda wa nusu saa huku wengine wakishangilia waliyokuwa wakiyaona chini. Nilirudi na huzuni, yeye akarudi akijilaumu, na jioni ile hatukuzungumza sana.

Asubuhi iliyofuata tuliachana na mashua na kundi. Tuliingia wawili mahali ambapo maji yalinifika kiunoni, akanivalisha jaketi la kuokolea, akanizoesha kuvuta pumzi kwa mrija nikiwa bado nimesimama, kisha akanishika mikono yote miwili na kurudi kinyumenyume polepole huku mimi nimeulaza uso majini. Kabla sijaona chochote nilisikia mkwaruzo mkavu, kama kokoto zinazosagwa chini ya soli ya kiatu. Alikuwa pono, yule yule tunayemtaja kila mtu anapolala fofofo, akiling'ata tumbawe kwa mdomo wake mgumu. Pono hulisaga tumbawe analolimeza na kulitoa likiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe tunaotandikia mikeka yetu katika visiwa vya namna hiyo imepita tumboni mwake. Sikuiachia mikono ya mume wangu, wala yeye hakuniomba niiachie, na tulikaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana.

Kwa hiyo nakusihi usimfundishe kuogelea wakati wa fungate. Mtafutie maji anayoweza kusimama ndani yake, wakati wowote anaotaka, bila kuomba ruhusa wala msaada wa mtu. Hofu yake itapungua kwa kadiri anavyojua kwamba ardhi iko chini ya nyayo zake.

Mwandamo

Dada Asumini amesema kweli, nami naongeza jambo ambalo wageni wengi hulisahau: kabla ya kupanga lolote, tazameni mwezi. Katika sehemu nyingi za ukanda huo bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huwa na nguvu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hupungua na mikondo hupoa. Kwa mtu mwenye hofu, siku za maji mafu ndizo za kumwingiza baharini. Siku za bamvua, mahali ambapo bahari hupwa mbali, mwaweza kutembea na mwenyeji kwenye vidimbwi vinavyobaki karibu na mwamba, mkivaa viatu vya mpira kwa ajili ya miiba, mkikanyaga mchanga mtupu na kuyaepuka matumbawe hai, na mkigeuka kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda. Matembezi hayo hayahitaji kuogelea, na mimi binafsi nayapenda kuliko safari yoyote ya mashua.

Kuhusu machweo, ambayo kila mtu atakutajia, jueni kwamba karibu na ikweta jua hushuka wima, na giza huingia katika muda usiofika nusu saa. Fikeni mapema, na chukueni tochi ya kurudia. Ikiwa ni ufuko ambao kasa hupanda kutaga, msiwashe taa nyeupe hata kidogo, kwa kuwa kasa jike huweza kugeuka bila kutaga, na makinda yakianguliwa huufuata mwanga yakidhani ni upeo wa bahari. Ufuko wenye walinzi wa kasa una utaratibu wake. Ufuateni, mkae nyuma ya mnyama, na mnyamaze. Kuketi gizani na mpenzi wako huku mkisikia mchanga ukirushwa na mapezi ya mnyama mkubwa kiasi hicho ni jambo ambalo hamtalisahau.

Mbizi

Mimi ni mpiga mbizi, na ninamwelewa muulizaji. Usijinyime kabisa, lakini chukua asubuhi moja tu, au mbili fupi, wakati ambao mwenzako bado amelala au amepanga jambo lake, kama vile kukandwa mwili kwa mafuta. Jambo la usalama ambalo halina mjadala ni hili: ukipiga mbizi kwa mtungi wa hewa zaidi ya mara moja, mapumziko yanayoshauriwa kabla ya kupanda ndege ni angalau saa 18, na kwa mbizi moja ya kawaida ni angalau saa 12. Kwa hiyo mbizi ziwe mwanzoni mwa juma, siyo siku ya kuagana na kisiwa.

Pia, mnapoelea kwa miwani na mrija, mgongo huungua bila nyinyi kuhisi, kwa sababu maji yanaupoza. Vaeni fulana za mikono mirefu, na epukeni jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Fulana ni bora kuliko kujipaka tu, kwani baadhi ya losheni zina kemikali zinazoshukiwa kuyadhuru matumbawe. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilizipiga marufuku kuanzia mwaka 2020, na jimbo la Hawaii likazuia uuzaji wa losheni zenye kemikali mbili za aina hiyo kuanzia mwaka 2021. Bwana harusi aliyeungua mabega hakumbatiwi usiku.

Tumaini Jipya

Mfanyie mambo ya kushtukiza. Mkodie mashua usiku, umpeleke katikati ya bahari, uwashe mishumaa.

Asumini

Samahani, ndugu Tumaini, hapo sikubaliani nawe. Mtu anayeogopa maji ukimpeleka bahari kuu usiku bila kumwambia, hataona mishumaa, ataona giza na maji tu. Mshtukize kwa barua iliyowekwa chini ya mto, au kwa meza iliyoandaliwa mchangani.

Mkaa Kando

Nimeoa miaka kumi na moja iliyopita, na kosa la fungate yetu halikuwa la maji bali la ratiba. Nilikuwa nimelipia kabla shughuli mbili kwa kila siku, asubuhi na alasiri, nikiamini kwamba naonyesha upendo. Siku ya nne mke wangu alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba chini ya mti, kitabu kifuani, na mimi nimesimama juu yake nikitazama saa kwa sababu mashua ilikuwa inaondoka. Aliniuliza kwa upole kama nilikuja kule na yeye au na ratiba. Mashua ile tuliiacha iende, na alasiri ile ndiyo anayoikumbuka hadi leo. Acheni siku tatu kati ya saba zikiwa tupu kabisa, na siku zilizobaki zisiwe na zaidi ya jambo moja.

Kama kisiwa kina njia za baiskeli, kodini mbili. Katika kisiwa cha La Digue, huko Shelisheli, baiskeli ndicho chombo cha kawaida cha usafiri, na mwendo ule unawaruhusu watu wawili kuzungumza njia nzima. Msitu ulio nyuma yenu nao msiusahau, hasa asubuhi kabla ya joto. Tazameni pia majira: kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga huja zaidi kati ya Novemba na Aprili, na katika Karibi msimu rasmi wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba.

Mwoaji Mtarajiwa

Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nilimsomea mchumba wangu majibu yenu yote, na nilipofika kwenye habari ya pono aliniomba niirudie. Ile orodha yangu tumeichana, tukaandika nyingine pamoja: maji ya kiunoni, baiskeli, matembezi ya mwambani, na siku tatu zisizo na neno. Mbizi nimeiweka siku ya pili asubuhi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichagulia siku hiyo. Ndugu Mwandamo, nimetazama kalenda, na mwezi mpevu utaangukia usiku wetu wa tatu. Je, tumepata au tumekosa?

Mwandamo

Mmepata mara mbili, ndugu yangu. Usiku wa tatu, wakati watu wote wamekusanyika upande wa magharibi kuliangalia jua likizama, nyinyi nendeni ufuko wa mashariki, kwa kuwa mwezi mpevu huchomoza takriban wakati ule ule wa machweo, nanyi mtauona ukitoka majini mkubwa na mwekundu, pengine mkiwa peke yenu. Bamvua itakuwa siku hizo na siku moja au mbili baada yake, basi matembezi ya mwambani yawekeni hapo, na mchumba wako msimwingize penye mkondo.

Baada ya hapo mwezi utachelewa kwa takriban dakika 50 kila usiku, hivyo usiku wenu wa saba hautachomoza mpaka yapata saa tatu na nusu. Kuanzia saa moja na nusu mtakuwa na giza safi la saa mbili. Zimeni taa, shukeni hadi maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, kisha mwambie mwenzako aupitishe mkono wake majini taratibu. Katika bahari nyingi za joto kuna vijidudu ambavyo hutoa mwanga wa buluu maji yanapotikiswa, na vikiwapo usiku huo, vidole vyake vitaacha nyuzi za mwanga nyuma yake.